Ukoko wa Maji ya Kisima: Jiwe Halisuguliwi, Hulowekwa

Miezi minne baada ya kuhamia Jambiani, nilifunua birika letu la umeme asubuhi moja nikaona ndani yake kitu kilichonikumbusha ukoko wa wali: tabaka jeupe, gumu, lililoshika chini pote na kupanda ubavuni hadi usawa wa maji, na pale lilipokuwa nene zaidi lilikuwa limepasuka vipande vipande kama tope la dimbwi lililokauka. Chai iliyotoka humo ilikuwa na vijigamba vilivyoelea juu, na nilikuwa nimekwisha kuwaona wageni wakizungusha kikombe kidogo na kukitazama kabla ya kunywa. Nikadhani ni uchafu. Nikachukua stiliwaya nikasugua mpaka vidole vikauma, na nilichopata ni michirizi ya mikwaruzo juu ya chuma, ilhali ukoko wenyewe haukupungua hata kidogo. Wiki mbili baadaye ulikuwa mnene zaidi pale pale nilipokwaruza, kwa sababu mikwaruzo ile ilikuwa imeupa mahali pazuri pa kushika.

Tangu hapo nimelishughulikia jambo hili kwa bidii, kwa sababu lilikuwa limeenea nyumba nzima. Bomba la mvua bafuni lilikuwa likirusha maji pembeni badala ya chini, mifereji ilikuwa na kola nyeupe shingoni, vigae vilikuwa na ukungu usiotoka kwa sabuni, na glasi zilizooshwa vizuri zilikauka zikiwa na madoa ya duara. Ninaandika hapa yale niliyojifunza kwa kutumia vitu vilivyomo jikoni, nikieleza pia ni kipi hakikufaa na kwa nini, maana katika mambo haya kujua sababu kunaokoa nguvu nyingi.

Kwanza, jina. Huku pwani wengi wetu tunasema maji haya yana chumvi, na doa likitokea tunasema chumvi imeganda. Ni kweli kwamba visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi, lakini chumvi haiwezi kuwa ndiyo iliyonishinda mimi na stiliwaya yangu, kwa kuwa chumvi ikimwagiwa maji huyeyuka. Ukoko huu unakaa ndani ya maji kutwa kucha na hauyeyuki. Ukitaka kuhakikisha, chukua kijigamba kimoja, kiweke juu ya kisosi, kisha kikamulie matone mawili ya ndimu na utazame kwa karibu: vipovu vidogo vitaanza kupanda pembeni mwa kijigamba, kwanza vichache kisha vingi, na baada ya muda kijigamba kitakuwa kimeliwa kingo zake. Hiyo ni chokaa. Vile vipovu ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka pale asidi inapokutana na kalisi kabonati.

Na chokaa hiyo inatoka chini ya miguu yetu. Upande huu wa mashariki na kusini mwa Unguja ni nchi ya uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale yenye udongo mchache juu yake. Mvua inyeshapo, maji huchukua kaboni dioksidi kutoka hewani na zaidi kutoka udongoni, yakawa na uchachu hafifu sana, na uchachu huo unatosha kuyeyusha jiwe polepole wakati maji yanapopenya kuelekea chini. Tunapoyavuta kisimani yanaonekana safi kabisa, lakini yamelibeba jiwe ndani yake. Tukiyachemsha, ile hewa iliyokuwa ikilishikilia jiwe hutoka, na jiwe hurudi kuwa jiwe, likaganda pale penye joto kali zaidi. Tone la maji likikaukia kwenye kigae hufanya vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo. Ni kazi ile ile iliyojenga nguzo za mawe zinazoning'inia katika mapango ya Amboni kule Tanga, isipokuwa huko imechukua enzi na enzi, na kwenye birika langu ilichukua miezi minne.

Wataalamu hupima ugumu wa maji kwa miligramu za kalisi kabonati katika kila lita, na kwa kipimo kinachotumiwa sana maji yanayozidi miligramu 120 huitwa magumu, na yanayozidi 180 huitwa magumu sana. Tufanye hesabu ya maji yenye miligramu 300. Familia inayochemsha lita tano kwa siku inapitisha ndani ya birika gramu moja na nusu ya chokaa kila siku, yaani gramu 45 kwa mwezi, na hata kama ni sehemu tu ya hizo inayoganda, mtu haoni ajabu tena ukoko ulivyonenepa haraka. Niongeze kwamba maji haya si sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalisi ni kitu ambacho miili yetu inakihitaji. Hasara yake ni ya vyombo, sabuni na umeme, kwa kuwa koili iliyovikwa jiwe hulazimika kulipasha joto jiwe kwanza ndipo maji yapate moto.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, bibi mmoja aliyezaliwa na kukulia hapa hapa, ambaye alinikuta uani nikisugua kichwa cha bomba la mvua kwa msumari. Alikitazama, akakichukua mkononi mwangu, akaniambia, "Mwanangu, hili ni jiwe. Jiwe hulisugui, unaliloweka." Kisha akaniuliza kama nina ndimu.

Hilo ndilo jambo lenyewe, na mengine yote ninayoyaandika ni maelezo yake. Uchafu wa mafuta au masizi hutolewa kwa nguvu ya mkono na sabuni, lakini chokaa hutolewa kwa uchachu na muda, na mkono huja mwishoni kufuta tu. Ikiwa unasugua kwa nguvu, maana yake hujaloweka vya kutosha.

Sasa, uchachu gani? Hapa nilifanya majaribio mengi, na nikagundua kwamba vitu vichachu havilingani hata kidogo. Siki nyeupe ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asetiki ya asilimia 5, ndiyo niliyoikubali kwa ukoko mnene, kwa sababu kinachotokea baada ya asidi hiyo kula chokaa huyeyuka vizuri majini na kutoka chote ukimwaga. Ila ina kikomo chake: robo lita ya siki ina gramu 12 hivi za asidi, nazo zinaweza kuyeyusha takriban gramu 10 za chokaa tu, kisha inakuwa imechoka. Watu wengi humwaga siki mara moja, wakaona ukoko umebaki, wakasema dawa haifai, ilhali walichohitaji ni kumwaga ile iliyochoka na kutia nyingine. Dalili ya kuchoka ni kwamba vipovu vimekoma na ukoko bado upo.

Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, ambayo ni kali na haina harufu inayokaa nyumbani siku nzima kama siki. Ndimu ya unga, ile nyeupe inayouzwa kwa kupimwa kwenye maduka ya viungo, ni asidi hiyo hiyo iliyokaushwa, na kijiko kimoja cha chakula katika lita moja ya maji kinatosha kwa kazi za kawaida. Lakini kuna jambo ambalo lilinisumbua kabla sijalielewa. Mara ya kwanza nilichemsha maji ya ndimu kali ndani ya birika nikayaacha yatokote, nikidhani joto zaidi ni kazi zaidi, na nilipomwaga nikakuta unga mweupe umetanda chini ambao haukuwa ukoko wa awali. Sababu ni kwamba chokaa ikiungana na asidi ya sitriki hufanya chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, tena tofauti na chumvi nyingi tunazozijua, hii huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto. Kwa hiyo ndimu itumike kwa maji ya uvuguvugu, si ya kutokota, na isiwe kali kupita kiasi.

Mbirimbi nao wana hadithi yao. Katika nyumba nyingi za Unguja, sinia na madeli ya shaba husuguliwa kwa mbirimbi au kwa ukwaju, na shaba hutoka ikimetameta kama mpya. Kwa kuwa mti wa mbirimbi uko nyuma ya nyumba yetu na huzaa mpaka matunda yanaoza chini, nilidhani nimepata dawa ya bure ya birika. Nikaponda konzi mbili, nikaloweka usiku kucha, na asubuhi ukoko ulikuwa pale pale, sasa ukiwa na utelezi juu yake. Baadaye nikaelewa: mbirimbi wamejaa asidi ya oksaliki, na asidi hiyo ikigusa chokaa hufanya kitu kigumu kisichoyeyuka majini, kinachoufunika ukoko na kuulinda badala ya kuumaliza. Ukwaju, wenye asidi ya tartariki, unaelekea huko huko ingawa si kwa kiasi hicho. Basi mbirimbi na ukwaju nimewarudishia kazi yao ya shaba, na nimewaongezea nyingine wanayoifanya vizuri mno, nayo ni madoa ya kutu, yale ya rangi ya chungwa yanayotokea chini ya mfereji unaovuja. Mbirimbi mmoja aliyekatwa kwa urefu, ukamsugua juu ya doa la kutu kwenye sinki la kauri na kumwacha nusu saa, hufanya kazi ambayo siki huishindwa.

Birika la umeme ninalitibu hivi. Ninalichomoa kwanza kwenye umeme. Natia siki na maji kwa kiasi sawa mpaka ukoko wote ufunikwe, lakini sijazi, kwa sababu povu hupanda na linaweza kumwagikia kitako chenye nyaya. Nalichomeka mpaka maji yapate joto la kuweza kuvumiliwa na kidole kwa muda mfupi tu, nazima, na naacha saa nzima. Ukilitegea sikio katika dakika za mwanzo utasikia mchachato mdogo kama wa soda iliyomiminwa kwenye glasi. Ikiwa ukoko ni mnene, namwaga na kurudia kwa siki mpya. Vipande vikubwa huanza kubanduka vyenyewe, kwa kuwa asidi imepenya kwenye nyufa na kula ile sehemu iliyoshikamana na chuma, na hapo ninapitisha dodoki laini mara mbili tatu, basi. Mwisho nachemsha maji matupu mara mbili na kuyamwaga, ili chai isiwe na harufu ya siki. Birika lile la miezi minne lilihitaji mizunguko mitatu kwa siku moja. Siku hizi nafanya mara moja kila wiki mbili, kwa ndimu mbili tu zilizokwisha kukamuliwa kwa ajili ya mchuzi: maganda yake nayatia ndani ya birika pamoja na maji ya uvuguvugu, nikayaacha mpaka yapoe.

Kwa bomba la mvua, anayeweza kulifungua kichwa na alifungue, akiloweke ndani ya bakuli la siki ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha apitishe njiti ya kiberiti au mwiba wa mlimau katika kila kitundu, si msumari, kwa sababu msumari hupanua vitundu na maji hayatarudi kunyooka tena. Asiyeweza kulifungua, ushauri unaozunguka ni kulifunga mfuko wa plastiki wenye siki. Hapa Zanzibar mifuko hiyo ilikatazwa hata kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli hatuihitaji. Kitambaa cha pamba kilichochovywa katika siki, kikazungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi, hufanya kazi bora zaidi, kwa kuwa kinashikamana na umbo la chombo. Hivyo ndivyo nilivyoziondoa zile kola nyeupe kwenye shingo za mifereji. Angalizo langu ni moja: mifereji mingi inayong'aa imepakwa utando mwembamba wa kromu juu ya madini mengine, na asidi ikikaa usiku kucha huweza kuudhuru utando huo, hasa ukiwa umekwisha kukwaruzwa. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe.

Ukungu wa vigae vya bafuni ni mchanganyiko wa vitu viwili, chokaa na utando wa sabuni, maana sabuni ikikutana na kalisi hugeuka kuwa kitu chenye kunata kisichotoa povu wala kuyeyuka. Ninaanza na siki iliyopashwa joto kidogo, naacha robo saa, nasuuza, halafu ndipo napitisha dodoki lenye sabuni ya maji. Kabla ya yote hayo naulowesha ukuta kwa maji matupu, kwa ajili ya saruji iliyo kati ya vigae: saruji ikiwa imekwisha kunywa maji haiwezi kunywa siki nyingi, na siki ikiinywesha saruji kavu mara kwa mara itaila mpaka imomonyoke.

Sasa niseme waziwazi juu ya ushauri mmoja ambao nimeukuta kila mahali na ambao nadhani unawapotezea watu fedha: kuchanganya siki na magadi. Unatokea mfoko mkubwa unaopendeza macho, na mtu hujiona anafanya kazi. Lakini siki ni chachu na magadi ni kinyume chake, na vikikutana vinauana. Mfoko ule ni wa viwili hivyo vikimalizana, wala haugusi ukoko, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu. Siki iachwe ifanye kazi yake peke yake, na magadi yapewe kazi yao. Kazi hiyo wazee wetu wanaijua, kwa sababu magadi yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kule Kenya, tunayotia kwenye maharage magumu ili yaive, yana uwezo wa kuitoa chokaa majini kabla haijafika kwenye nguo. Kijiko kimoja cha magadi yaliyosagwa katika ndoo ya lita 20, ukakoroga na kuacha maji yatuame, utaona weupe mwembamba unashuka chini, na maji ya juu yatatoa povu kwa sabuni kidogo sana. Nguo zetu nyeupe zilikuwa zimeanza kuwa za kijivu, na ni magadi yaliyozirudisha, si sabuni ya bei kubwa. Ila magadi yasiachwe kwenye sufuria za alumini, kwa kuwa huzila na kuzitia weusi, na hata siki au ndimu nazo zisilale humo usiku.

Kuna mahali ambapo uchachu haupaswi kufika kabisa. Huku tumezoea kuita marumaru kila kigae kinachong'aa, lakini marumaru halisi ni kalisi kabonati ile ile, ni ndugu wa ukoko, na asidi haiwezi kutofautisha ndugu hao. Niliwahi kuacha nusu ya ndimu juu ya meza ya marumaru ya mama mkwe kwa muda wa chakula cha mchana, na alama yake ya duara, iliyofifia na kukwaruza kidoleni, iko pale mpaka leo. Sakafu ya teraso ina vipande vya marumaru ndani yake, nayo iogopwe hivyo hivyo. Kuta za Mji Mkongwe, kama zilivyo za nyumba nyingi kuukuu za pwani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo katika tanuri la kuni. Chokaa hiyo ikikaa ukutani hurudisha kaboni dioksidi kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Anayeishi katika nyumba kama hiyo asirushie siki ukutani kwa sababu ya doa la maji. Huko afute kwa kitambaa chenye maji matupu na atafute mahali bomba linapovuja.

Na kuna hatari mbili za mwili. Siki, ndimu au asidi nyingine yoyote isikutanishwe na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na kuua vijidudu chooni, ambayo wengi tunaiita jiki, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi zina dirisha dogo tu. Ikiwa jiki imetumika leo, siki ingoje kesho baada ya kusuuza vizuri. Pili, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na mtu akatoka juani, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Watoto wanaosaidia kukamua ndimu uani wanawe kwa sabuni kabla ya kwenda kucheza.

Madoa ya glasi yaliyo mapya hutoka kwa siki na kitambaa laini. Yale ya miaka mingi wakati mwingine hayatoki tena, kwa kuwa kioo chenyewe kimekwisha kuliwa, na hapo hakuna tunda litakalosaidia.

Kinachopunguza kazi kuliko dawa zote ni kutoliacha tone likauke. Tumetundika kitambaa bafuni, na anayeoga wa mwisho hufuta mfereji na ukuta ulio chini ya bomba, jambo la nusu dakika. Na kwa kuwa maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe, hayana chokaa. Tulinunua tangi la lita 1,000 tukaunganisha na mfereji wa paa, na kila msimu unapoanza tunaacha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza ndipo tunaelekeza maji tangini. Maji hayo hatuyaogi wala hatuyafulii. Ni ya birika, ya pasi na ya kusuuzia glasi. Vuli iliyopita yalitufikisha karibu na mwisho wa Januari, na kwa muda wote huo chini ya birika nilikuwa nikiuona uso wangu.